Nilifika, Nilikuwa Nje Napoza Oili

Ndani ya Gari,
Mbele ya Lango Lako,
Mshangano, Songea.
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Kwa Mzee Kajetani Mbawala,
Mwenyekiti wa kikao cha ukoo kinachoendelea sebuleni kwako.

Shikamoo Mzee.

YAH: KUPINGA UAMUZI KWAMBA SIKUFIKA KWENYE POSA YANGU MWENYEWE

Kichwa cha barua hii kingetosha kujieleza, lakini kwa kikao chenu nimeona hakuna kinachojieleza, kwa hiyo nitaeleza.

Mimi ni Mwalimu Brayson Mgonja. Nafundisha fizikia sekondari, naishi Mjimwema, na kwetu ni Upare. Ndimi yule kijana anayemposa binti yako Lidwina, muuguzi wa zahanati. Najua kwa mila barua hii ilipaswa kupitia kwa mshenga, na kwamba kijana hamwandikii baba wa binti kana kwamba anamwandikia mhariri wa gazeti. Lakini mshenga wangu, Mwalimu Leo, amejiuzulu. Alisema kazi ya mshenga ni kupeleka maneno ya muoaji, siyo kupeleka hali ya injini, tena yeye ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa hiyo nimebaki na kalamu yangu.

Naomba usisumbuke kuchungulia dirishani. Nipo. Ni hilo gari la bluu linalounguruma. Nilifika mlipokuwa mnasali sala ya kufungua kikao, na nikaitikia Amina nikiwa nimeshika usukani. Shangazi yake Lidwina, Bibi Kunegunda, amekuja hapa kwenye kioo akanipa uamuzi wenu, kwamba chungu cha togwa kikiisha kabla sijaingia, posa inarudi Upare na maneno yamekwisha. Nilimshukuru kwa taarifa, nikamwomba awaambie mnywe polepole.

Kuingia kwa sasa siwezi, kwa kuwa oili bado ni ya moto. Wakati tunasubiri ipoe nawasilisha malalamiko yangu kwa namba, ili kikao kiyachukue moja baada ya jingine.

1. Kuhusu kuhesabiwa kwamba sikufika.

Siku ya posa, mwezi uliopita, nilisimamisha gari mbele ya lango hili hili. Mshenga alishuka akaingia na blanketi la mama mkwe. Mimi nilibaki napoza oili. Kutoka hapa nilipo niliwasikia mkikaribishana, nikamsikia mshenga akisifu ukoo wetu, nikasikia mmeuliza mwenye posa yuko wapi, kwa sababu mila zenu zinataka muoaji aonekane kwa macho. Mshenga akajibu kwa unyonge kwamba yuko nje, anapoza oili. Kisha wewe, Mzee, ukasema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyonifikia kupitia dirishani: "Mtu asiyezima gari hajafika. Huyo bado yuko njiani." Wazee wakaguna kukubali, mkala kuku, mkaagana na mshenga, na ukoo mzima ukaambiwa kwamba muoaji hakuja.

Kwa heshima na taadhima, hilo si sahihi. Kitu kilichokuwa kinakwenda mahali, kikisimama mahali pale, kimefika. Haya nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza na wanayaelewa. Magurudumu yangu yalikuwa yamesimama kabisa na breki ya mkono nilikuwa nimeivuta. Kama injini inayounguruma inamzuia mtu kufika, basi abiria wote wanaoshushwa stendi huku basi likiunguruma hawajafika Songea. Hao ni pamoja na sisi walimu tuliotoka mikoani, manesi, mabwana shamba na hakimu. Ina maana mji huu unafundishwa, unatibiwa na kuhukumiwa na watu walioko njiani. Sidhani kama kikao kinataka kufika huko.

2. Kuhusu dharau dhidi ya oili.

Nimesikia ikisemwa hapa Mshangano kwamba nina pepo la gari. Sina. Nina gari lenye turbo. Turbo ni kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini, na huzunguka kwa kasi ya ajabu huku kikipigwa na moshi wa moto. Anayekilinda ni oili, inayopita humo ndani ikikilainisha na kukitoa joto. Ukilikimbiza gari halafu ukalizima ghafla, oili inasimama mahali penye moto mkali, inaungua, inagandamana kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Kila mama aliyeko jikoni kwako sasa hivi anaijua kazi ya kukwangua ukoko. Basi turbo haikwanguliwi.

Ndiyo maana gari la namna hii huachwa liungurume kidogo kabla ya kuzimwa. Kitabu chake kinasema hivyo hivyo, kidogo. Mimi nililinunua likiwa limeshatumiwa na mtu ambaye tabia zake sizijui, kwa hiyo nimeongeza uangalifu. Nimefunga geji ya joto la oili kwenye dashibodi, nimeichora mstari kwa wino mwekundu, na nimejiwekea sheria kwamba sizimi mpaka mshale ushuke chini ya mstari. Sheria hiyo sijaivunja hata mara moja, msibani wala kanisani. Nilitegemea wazee wangeona kwamba kijana anayeshika sheria ndogo ya gari atashika na ile kubwa ya ndoa. Badala yake mmeona pepo.

Nikiandika hapa mshale uko palepale ulipokuwa nilipofika, juu ya mstari. Nadhani ni jua.

3. Kuhusu nyumba yako kuwa karibu mno.

Hiki ndicho chanzo cha mengi, na naomba usinielewe vibaya, maana nyumba yenyewe ni nzuri. Tatizo ni mahali ilipo. Oili ya baridi nayo ni balaa. Inakuwa nzito, haipiti vizuri, na turbo haitakiwi kupewa kazi mpaka oili ishike moto. Asubuhi zetu za Juni na Julai unazijua, hata asali haitoki kwenye chupa. Maji ya injini hupata moto upesi, lakini oili huchelewa, ni mtu mzima asiyependa kukimbizwa. Kutoka Mjimwema mpaka hapa inakuwa ndiyo kwanza inafumbua macho. Kuizima hapo ni sawa na kumwamsha mzee kitandani na kumwambia alale tena. Hivyo kila ninapokuja nalazimika kuipita nyumba yako, kuendelea mbele mpaka nje ya mji, oili ikipata moto ndipo nigeuze.

Najua inavyoonekana. Siku moja mama yake Lidwina, Mama Fausta, alisimama langoni na bakuli la mahindi ya kuchemsha, akanipungia. Nikampungia, nikapita. Niliporudi alikuwa bado amesimama. Nikampungia tena, nikapita tena, kwa sababu kile kilima cha mbele kilikuwa kimeipandisha oili kupita kiasi na ilibidi niizungushe ipate upepo. Mara ya tatu bakuli halikuwepo, na Mama hakuwepo. Nimesikia amewaambia majirani kwamba mkwe wake anampungia kama mgombea udiwani. Iliniuma sana, maana yale mahindi nilikuwa nayataka.

Ombi langu kwa kikao ni jepesi. Familia ihamie Lusewa, mbali nje ya mji, ambako tayari mna shamba. Nimeshakwenda na kurudi makusudi kupima. Kwa umbali ule oili inafika imeiva, haina ubaridi wala kiherehere, na mkwe angekuwa anaingia ndani kama watu wengine. Ardhi ya Lusewa inatoa mahindi, hewa ni nzuri, na mnafahamiana na watu. Kuhama si aibu. Nitasaidia kubeba vyombo, mradi visiwe vizito, maana mzigo hupandisha joto la oili.

4. Kuhusu mazishi ya jirani.

Jambo hili limesemwa sana, na limesemwa vibaya. Alipofariki jirani yenu Mzee Erasmus, Mungu amlaze mahali pema, mliniomba nimbebe Padri kwenye msafara wa kwenda makaburini. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Lakini msafara wa mazishi huenda mwendo wa miguu, na gari lenye turbo likienda mwendo wa miguu mchana wa jua kali halipati upepo. Mshale ukaanza kupanda. Nikamwarifu Padri, akasema tuombe. Tuliomba. Mshale ukaendelea kupanda. Hapo nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma na injini angefanya, nikatafuta upepo. Nikalipita gari lililombeba marehemu.

Sikukusudia kumtangulia marehemu. Nilikusudia kusogea mbele kidogo, nipate hewa, nirudi kwenye nafasi yangu. Lakini waombolezaji walimwona Padri anakwenda kasi, na hapa kwenu watu humfuata Padri. Magari yakanifuata. Pikipiki zikafuata. Wanakwaya waliokuwa kwenye lori wakajikuta wanauimba ule wimbo wa huzuni harakaharaka ili walingane na barabara. Tukafika makaburini sote isipokuwa mwenye kaburi. Na kwa kuwa oili ilikuwa bado inahitaji upepo, nikawa nazunguka. Kila tulipolipita kaburi Padri alitoa mkono dirishani akalibariki, nadhani kwa kuwa hakujua la kufanya jingine, mpaka Mzee Erasmus alipowasili taratibu na dereva wake.

Mnasema nilimkosea heshima. Mimi nasema sijui mtu mwingine ambaye kaburi lake lilibarikiwa mara nyingi kiasi kile kabla hajateremshwa. Padri mwenyewe hajalalamika. Tangu siku ile anatembelea waumini kwa baiskeli, lakini hajalalamika.

5. Kuhusu chakula, na kuhusu dagaa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa kwenu mgeni aliyeko nje haachwi na njaa. Kwa hiyo Mama, pamoja na kuudhika kwake, bado hunitumia chakula garini. Nimekula ugali na kunde juu ya usukani. Nimekula wali wa Pasaka nikiwa nimefunga mkanda. Sasa naambiwa nakula garini kama dereva wa lori. Naomba ieleweke kwamba nilinawa, nilishukuru, na vyombo nilivirudisha kupitia dirishani vikiwa havina hata punje. Mtu ambaye hajafika hapewi chakula, Mzee. Kama nililishwa, nilifika. Hili nawaachia mlijadili, maana sioni mtakavyolikwepa.

Lakini Bibi Kunegunda amezidi. Alipogundua kwamba boneti yangu ni ya moto na haipoi, alianza kuanika dagaa juu yake. Sasa hivi ninavyoandika kuna dagaa wa Nyasa boneti nzima, mpaka kwenye lile tundu la kuingizia hewa. Nilimweleza kwa adabu kwamba tundu lile si sinia na kwamba anavuruga vipimo vyangu. Akaniambia ngojangoja huumiza matumbo. Nikamjibu mvumilivu hula mbivu. Akasema basi nivumilie mpaka hao dagaa wakauke, akaniingizia mmoja kinywani kama anamlisha mtoto. Alikuwa amekauka vizuri, siwezi kusema uongo. Nyuma ya gari, jirani yenu Zulfa ametundika sare za shule za wanawe karibu na bomba la moshi, na chini ya injini kuku wako wamelala kwa raha zao. Nikitazama naona gari langu limeshapokelewa na kila mtu hapa Mshangano isipokuwa kikao.

Mshale bado uko palepale. Sasa nadhani ni dagaa.

6. Kuhusu Lidwina mwenyewe.

Hili nililitaka liwe la mwisho, kisha nikaona mnaweza kuchoka kusoma kabla hamjalifikia.

Nilimfahamu Lidwina zahanati, nilipokwenda na homa. Aliniweka kipimajoto kwapani, akakaa kwenye kiti chake akasubiri. Watu wengi wakisubiri huchezea simu, hupiga miayo, huuliza umetoka wapi. Yeye alisubiri tu, akinitazama kama mtu mwenye siku nzima ya kunipa, na foleni ilikuwa imejaa mpaka nje. Sijawahi kuona mtu anayesubiri joto kwa utulivu namna ile. Nampenda, Mzee. Nayaandika haya waziwazi kwa kuwa ndiyo maneno Mwalimu Leo alitumwa kuyasema, naye muda wote uliisha akijibu maswali ya oili.

Malalamiko yangu ni kwamba juzi, mbele ya mama yake, Lidwina aliniuliza kama najua yeye amechoka kiasi gani. Nikasema sijui. Akaniuliza oili iko nyuzi ngapi. Nikazitaja bila hata kugeuza shingo. Aliingia ndani akafunga mlango. Huo ulikuwa mtego, Mzee, na haukuwa wa haki. Oili ina geji, yeye hana. Tena hao wawili hawalinganishwi hata kidogo, kwa sababu oili naibadilisha kila baada ya miezi michache, na yeye sina nia ya kumbadilisha mpaka nife. Nilimwandikia ujumbe wa simu kumweleza hivyo, tena kwa upole. Niliona alama kwamba ameusoma. Hajajibu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nasikia upawa unagonga chini ya chungu. Nitafupisha.

7. Maombi.

Kwanza, kikao kitamke kwamba mtu amefika pale magurudumu yanaposimama, na uamuzi wa mwezi uliopita ufutwe. Kama hilo ni gumu, basi kikao kihamie nje. Gari lina nafasi, wazee watatu mnaenea kiti cha nyuma bila kubanana, na wewe Mwenyekiti ukae mbele karibu yangu. Posa inaweza kupokelewa humu humu huku oili ikiendelea kupoa, na tutakuwa hatujapoteza muda wa mtu yeyote. Chungu nitakipakata mimi.

Pili, kuhusu harusi yenyewe, naomba bibi harusi aketi garini, injini ikiwa imewashwa, tangu mwanzo wa mahubiri ili oili ianze kupata moto mapema, na viapo tuvisemee dirishani. Najua si kawaida, lakini Padri ana uzoefu wa kubariki kupitia dirisha la gari langu. Wasimamizi wa harusi wavae nguo nyepesi ili tusiongeze uzito. Keki isije kwenye gari letu.

Tatu, watoto tutakaojaliwa wasiamshwe ghafla wala wasilazwe ghafla. Asubuhi waachwe wakae kwanza mpaka wapate moto, na jioni waachwe wazunguke uani mpaka wapoe. Bibi yao asiwalishe wala kuwabeba kabla ya hapo. Nitawafungia kila mmoja kipimo chake.

Na nne, kwa kuwa sote ni wa njia moja, siku yangu ikifika nisizikwe harakaharaka. Mniache kidogo nipoe. Na huyo atakayenibeba asikubali mtu yeyote kunipita.

Hayo ndiyo yangu, Mzee. Sikuja kubishana na wakubwa. Nimekuja kuomba mke, na nimejikuta kila mara nasimama hatua chache tu kutoka kwenye kiti mnachoniwekea. Nakiona kutoka hapa, kile chenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyekikalia mpaka sasa, na naomba msimpe mtu.

Nisalimie wazee wote wa kikao na midomo yao yenye togwa. Nisalimie Mama, na mwambie kama kuna mahindi hata yaliyopoa nitayapokea. Bibi Kunegunda nimeshamsalimia, ila mwambie upande wa kushoto wa boneti wamekauka, awageuze. Mwambie Zulfa sare zimekuwa tayari. Ukimwona Padri kwenye baiskeli yake mpe shikamoo yangu, nikimpa mimi huongeza mwendo. Na Lidwina, kama yuko chumba cha pili na anasikia, mwambie tu kwamba nipo.

Ndimi niliyefika,
Mwl. Brayson Mgonja.

Tanbihi: Nilipokuwa naikunja barua hii Lidwina alitoka. Alikuwa amevaa sare ya kazi na mkoba begani. Hakuja kwenye kioo. Alipita mbele ya dagaa, akasema bila kuinua sauti kwamba togwa imekwisha, yeye anawahi zamu ya mchana, na mimi nibaki salama na joto langu. Akashika njia ya kwenda barabarani bila kugeuka nyuma.

Mzee, sijui ilikuwaje. Nilijikuta niko barabarani mbele yake, nahema, nina ufunguo mkononi. Sikumbuki kuuzungusha. Sikutazama geji. Nikamtazama yeye, na kwa kweli amechoka sana, inaonekana machoni na kwenye namna anavyoubeba ule mkoba, na haihitaji kipimo chochote. Nikamwambia hivyo. Akasema ana dakika chache tu kabla ya zamu, akarudi nami mpaka langoni.

Nilipoingia garini kuchukua barua nikaona mshale umelala sifuri. Najua hulala hivyo gari likizimwa, hata kama oili inachemka. Sikuliwasha kuhakikisha. Nimegundua pia kwamba injini inayounguruma ndiyo iliyokuwa inaipasha oili moto muda wote huu, na kwa jua hili la mchana isingeshuka chini ya mstari wangu hata mngekunywa togwa ya mkoa mzima. Miaka yote hii nafundisha fizikia, na nilihitaji kukaribia kumpoteza binti yako ili nilione hilo. Naomba wazazi wa wanafunzi wangu wasiambiwe.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja mpaka namba saba yafutwe yote, isipokuwa pale niliposema nampenda. Msihame. Uamuzi wako ulikuwa sahihi, Mzee, nilikuwa bado niko njiani.

Maneno haya nayaandika nimeegemeza karatasi kwenye mlango wako, na Lidwina amesimama hapa ananihimiza nimalize. Togwa najua imekwisha. Sikuja kunywa.

Hodi.